SHIMO LA MICHE: TUANZE NA DOGO, TENA LA WOTE



Habari ya kilimo cha shimoni imeenea kijijini. Vijana wetu wameona picha kwenye simu: mtu kachimba shimo refu, kaezeka karatasi ya nailoni, na wakati wa baridi anavuna mboga. Sasa wanataka fedha ya ushirika ichimbiwe shimo kubwa. Mie nasema wazo ni zuri, lakini shimo lile siyo la kwetu.

Shimo la namna hiyo huitwa walipini, na linajulikana sana huko Bolivia, Marekani ya Kusini. Nyanda za karibu na mji wa La Paz ziko zaidi ya mita 3,500 juu ya bahari, na usiku maji huganda. Wenzetu wanachimba hadi mita 2 kwa sababu huko chini ardhi haipoi upesi. Sisi baridi ya Juni na Julai inatuuma, lakini haigandishi maji mtungini. Tena baridi ya usiku mmoja haishuki mbali ardhini. Ukifika nusu mita tu, joto la udongo usiku na mchana ni karibu lile lile. Hizo mita 2 zitatuongezea jasho kuliko joto.

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Shimo la urefu wa mita 6, upana 3 na kina 2 linatoa mita 36 za ujazo. Hizo ni debe 1,800 za udongo. Nani atazibeba, na zitamwagwa wapi? Tukizimwaga mteremkoni, mvua ya kwanza itazipeleka katika shamba la jirani. Shimo la urefu wa mita 4, upana 1 na kina nusu mita ni debe 100 tu. Watu wachache wanalimaliza siku moja.

Halafu kuna maji. Wote tunajua ardhi ya milima yetu ikishiba mvua inavyofanya. Shimo refu ubavuni mwa mlima ni tangi, na kuta zake zikilainika zitamwangukia aliyemo ndani. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kwa hiyo basi napendekeza hivi:

1. Tuchimbe shimo moja dogo katika shamba la ushirika, liwe la miche: nyanya, kabichi na hoho. Mche ndio unaosumbuliwa na baridi na mvua ya mawe kuliko mmea mkubwa.

2. Liwe katikati ya mteremko. Bondeni hapafai, maana baridi ya usiku hutelemka na kulala huko. Juu yake tukate mfereji wa kukinga maji, na ukingoni tupande majani ya guatemala.

3. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi. Mwezi wa Juni jua letu liko kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ulazwe ili usitie kivuli, na paa liinamie huko huko.

4. Udongo wa juu uwekwe kando, urudishwe chini pamoja na samadi iliyooza. Paa liwe la mianzi na nailoni. Jioni tufunike na mkeka wa nyasi, mchana tufunue pande zote mbili. Asiyefunua atalea kinyausi, miche ianguke yote kwa unyevu.

Wengine watauliza, kwa nini tusimwachie kila mtu achimbe lake? Ni kwa sababu nailoni inanunuliwa, na mwenye mfuko mdogo akipata hasara hana pa kushika. La ushirika likiharibika tumepata hasara kidogo kidogo wote, na tumejifunza wote.

Wala tusilazimishane. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wake kule Mlalo, watu wakaamrishwa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kuhifadhi udongo ni jambo jema, lakini kwa amri na faini watu walilichukia, na kabla ya Uhuru mpango ulikwisha kufa. Tangu mwaka 1981 mradi wa SECAP ulipokuja Lushoto na majani ya kukinga udongo, ambayo ng'ombe pia anakula, wakulima wengi waliona faida wakayapanda. Mkulima huamini jicho lake.

Ndugu zangu, jambo hili siyo mchezo wa vijana. Kiwanda cha Chai Mponde kilipofungwa mwaka 2013, nyumba zilizotegemea jani la chai peke yake ziliumia kwanza. Aliyekuwa na mboga bustanini aliuza japo tenga moja, akanunua chumvi na daftari la mtoto. Miche ikiwa tayari mapema, mboga zitafika sokoni Soni kabla bei haijaanguka.

Kwenye mkutano ujao nitaomba tupige kura: shimo moja, debe 100, msimu mmoja. Likikubali, msimu wa pili tuongeze. Likikataa, tulifukie tupande ndizi.

Mawazo yangu ndiyo hayo. Anayepinga naye aandike, ubao huu ni wetu sote.

Katibu wa Tawi,
Mponde.