Fungueni Geti la Nyuma

Hoja ilikuwa ya tano kwenye karatasi, baada ya ada na kabla ya mengineyo: kufunga geti la nyuma. Tulikaa barazani kwa jirani mmoja, Jumapili asubuhi, hapa Diani, mwaka 2023. Mtaa wetu una nyumba arobaini na tatu. Tuliokuwa tumekaa pale kwenye viti vya plastiki tulikuwa wenye nyumba kumi na mmoja. Sita tulikataa, watano wakakubali. Mimi nikadhani yamekwisha. Katibu akatoa simu mfukoni, akaanza kusoma kura za waliotuma ujumbe: Nairobi, Uingereza, Ujerumani, Nairobi tena. Kura kumi na saba, zote za kufunga. Ishirini na mbili kwa sita. Jumatatu fundi akaja na mnyororo.

Nilikuwa mweka hazina wa chama hicho cha wakazi kwa miaka minne. Naandika haya kwa sababu vyama vya aina hii vinaongezeka huku kwetu kila ploti zinapouzwa, na nimeona kwa macho yangu jinsi jambo zuri linavyoweza kuharibika bila mtu yeyote kuwa mbaya.

Hebu kwanza nikueleze hilo geti. Si geti la kujivunia. Ni mlango wa bati, upana wa mtu mmoja na baiskeli yake, kwenye ukuta wa nyuma unaopakana na kijiji. Wanaopita hapo ni watu wa kijijini wanaokwenda pwani: wavuvi wakiwa na nyavu begani, kina mama wanaokwenda kununua samaki mashua zikirudi, vijana wa kazi za hoteli, watoto. Wanapita kati ya nyumba zetu, wanatokea geti kubwa, wanavuka barabara ya hoteli, wanashuka ufuoni. Kijia hicho kilikuwapo kabla ya ukuta. Sisi ndio tulioukuta, tukakizungushia mawe, kisha tukajiona wenye huruma kwa kuacha mlango.

Februari 2021, siku ya upepo mkali wa kaskazi, nyumba moja ya makuti ilishika moto mchana. Cheche ilitoka jikoni. Anayekaa pwani anajua makuti yakishika hayasubiri. Mwenye nyumba hakuwepo. Majirani zake wa kushoto na kulia hawakuwepo pia. Zile ni nyumba za kufikia Krismasi na Pasaka. Nilikimbia na ndoo moja kama mjinga. Watu niliowakuta pale, na waliozidi kumiminika, walikuja kwa geti la nyuma. Walileta ndoo, madumu, mipanga. Walipanga mstari kutoka kisima cha kijiji, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na pampu zetu zote zilikuwa zimelala. Vijana wawili walipanda juu ya paa la nyumba ya pili, wakayakata na kuyatupa chini makuti ya upande ule ili moto usipate pa kurukia. Kabla gari la zimamoto halijafika, kazi ilikuwa imekwisha. Nyumba moja iliungua. Zingeweza kuwa kumi.

Kamati iliandika barua ya shukrani. Iliandikwa kwa Kiingereza. Miaka miwili baadaye, kamati hiyohiyo ikaleta hoja ya tano.

Sasa, sitaki kuwafanya wenzangu kuwa mashetani. Walikuwa na sababu, nami nilizisikiliza kila mwezi. Ya kwanza ilikuwa wizi. Ni kweli, tuliibiwa. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kwenye daftari, kwa hivyo sisemi kwa kubahatisha. Miaka minne, visa saba: pampu mbili, mitungi ya gesi, baiskeli, televisheni. Katika visa hivyo saba, vinne vilifanywa na watu walioingia geti kubwa mchana, askari akawaandika jina na namba ya kitambulisho: mafundi, wabeba mizigo, mgeni wa mgeni. Kimoja kilifanywa na mtu wa ndani. Viwili hatukujua. Hakuna hata kimoja tulichoweza kukifunga kwenye geti la nyuma. Nililisoma daftari lile mkutanoni, ukurasa kwa ukurasa. Jibu nililopewa ni kwamba watu wanahitaji “kujisikia salama”. Basi tuseme hivyo waziwazi. Tulifunga njia ya watu kwa sababu ya kujisikia.

Tena geti la nyuma lilikuwa linatulinda. Mtaa ambao nusu ya nyumba zake ziko tupu hauna macho. Macho yetu yalikuwa wapita njia. Yule mama muuza samaki aliyepita kila alasiri ndiye aliyenigongea mlango kuniambia, “Mwanangu, kule kwa Mzungu dirisha li wazi tangu jana, na si kawaida.” Hakuna kampuni ya ulinzi iliyowahi kuniambia kitu kama hicho. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tumewapa kura wenye fimbo za mbali, na wenye kuishi na nyoka tumewaambia wazungukie kwa nje.

Sababu ya pili ilikuwa pesa. Ati wanaopita hawalipi ada. Ada yetu ilikuwa shilingi 3,500 kwa mwezi kila nyumba: askari, taka, taa za njia. Mwanzoni nami niliona hoja hii ina uzito. Halafu nikaanza kufuatilia madeni. Waliodaiwa miezi mingi hawakuwa wapangaji, wala mzee wa shamba la minazi anayepakana nasi, ambaye hutoa mia mbili yake kila mwezi bila kuombwa. Walikuwa wenye hati walio mbali. Mmoja alidaiwa miezi kumi na sita, na kura yake ya kufunga geti ilisomwa kama za wengine. Mpangaji aliyeishi hapa miaka sita, anayelipa ada kwa M-Pesa kila tarehe tano, aliambiwa akae pembeni kwa sababu katiba ya chama inatambua “wenye mali” tu. Watunza nyumba, wanaolala humu usiku mia tatu na sitini na tano, hawakualikwa kabisa.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Tunakiita chama cha wakazi, lakini ni chama cha hati. Na neno hati, msomaji, pwani hii si neno jepesi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wapeleke madai yao ya ardhi. Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Wadigo wengi, na Wamijikenda wenzao, hawakupata karatasi kwa ardhi waliyozikia mababu. Zaidi ya miaka mia imepita na jeraha hilo halijapona. Unapouambia mkutano wa Diani kwamba mwenye sauti ni mwenye hati, hujasema jambo la utaratibu tu. Umechagua upande katika ugomvi wa zamani, na huenda hata hukujua kwamba upo.

Walioandika Katiba ya 2010 walilijua hili. Kifungu cha 62 kinahesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ufuo wa Diani, unaouzwa kwenye picha dunia nzima, ni wa yule mvuvi kama ulivyo wangu. Lakini haki ya ufuo bila njia ya kuufikia ni kama kupewa chakula kwenye chungu kilichofungwa. Ukitembea barabara ya hoteli utaona jinsi vijia vya kushukia baharini vilivyo vichache, na jinsi kuta zilivyo ndefu. Kila chama kinachofunga kijia chake husema ni kimoja tu. Jumlisha hivyo kimoja kimoja, uone mtoto wa kijijini atapitia wapi.

Kuna kitu hunichekesha na kuniuma kwa pamoja. Juu ya barabara hiyohiyo kumetundikwa madaraja ya kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Kazi hiyo ya kuwalinda mbega hapa Diani ilianza mwaka 1997 na naiunga mkono, nimeshachangia. Wanyama walikuwa na njia zao kabla ya barabara, tukaona si haki kuzikata. Sasa kwani binadamu amekosa nini?

Najua nitakaloambiwa: basi tufanye nini, tuvunje chama? Hapana. Mtaa bila chama ni taka njiani na kila mtu na jenereta yake. Aprili 2020, Kwale, Mombasa na Kilifi zilipofungwa na wageni wakaondoka, hoteli zikafunga na watu wakakosa mshahara. Chama chetu kilifanya kazi yake bora wakati huo. Tulinunua unga na maharagwe kwa jumla, tukagawa kwa kila mlango, hata nje ya ukuta, na kijijini walituletea mihogo na nazi. Hakuna aliyeulizwa hati. Mikutano tulifanya chini ya mwembe, kwa Kiswahili, kwa sababu mambo yalikuwa ya haraka na hakuna aliyekuwa na muda wa kujionyesha. Shida ilipoisha tukarudi barazani, tukarudi kwenye Kiingereza, na askari wetu wakarudi kusimama mlangoni wakisikiliza wasichokielewa, huku kinachozungumzwa ni kazi yao.

Na tukitaka mfano hatuna haja ya kwenda mbali. Shuka kusini, kabla ya Msambweni, ufike Gazi. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Msitu ni wa umma. Hakuna mwanakijiji mwenye hati ya mkoko. Mapato huenda kwenye mambo wanayokubaliana wenyewe, kama maji na shule. Mwaka 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wale ni wavuvi na wakulima. Sisi tuna mawakili wawili, mhasibu, na rubani mstaafu, na tulichoweza kukubaliana ni mnyororo.

Hata serikali, ilipoleta Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa kuiga Tanzania, ilihesabu nyumba na wanaoishi ndani yake. Haikuuliza nani kanunua. Unaweza kuulaumu mpango ule kwa mengi, lakini msingi wake ulikuwa sahihi: anayelala hapa ndiye jirani.

Basi nitakayo ni haya. Kura iwe ya anayeishi, awe mwenye nyumba, mpangaji au mtunza nyumba, kila mlango kura moja. Mwenye nyumba aliye mbali asikilizwe, atume maoni, lakini asifunge njia asiyoitembea. Mkutano uwe kwa Kiswahili, na asiyekijua atafsiriwe yeye. Si vibaya kwake kuonja. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, pamoja na madeni, kwa namba za nyumba. Kijiji kiwe na viti viwili kwenye kamati, kwa sababu ukuta una pande mbili na moto haujui upande. Na mnyororo utolewe. Usiku, kama watu wanaogopa, geti lifungwe saa nne, lifunguliwe alfajiri wavuvi wanapotoka. Hilo tuliwahi kukubaliana na wazee wa kijijini kwa mazungumzo ya nusu saa, kahawa ikiwa mezani. Hawakuhitaji wakili.

Nilijiuzulu wiki ile ya mnyororo. Leo naona nilikosea. Nilitoka kwa hasira, nikaacha daftari mikononi mwa wenye kusoma kura za simu. Hasira yangu haikumsaidia mtu yeyote anayezunguka na ndoo ya samaki kichwani, jua la saa nane, kilomita mbili, kwa barabara isiyo na kivuli. Tangu siku ile yule mama hapiti kwangu. Tulikutana sokoni Ukunda, nikamwamkia, “Shikamoo mama.” Akaitikia vizuri, akaniulizia watoto. Kuhusu geti hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Mkutano ujao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nimeshalipa ada yangu ya miezi mitatu ili asiwepo wa kuniambia sina sauti, na nimemwandikia katibu, kwa Kiswahili, hoja moja tu. Nimemwomba pia yule mzee wa minazi aje tukae naye. Akizuiwa mlangoni kwa kuwa si mwanachama, nitatoa kiti changu nje nikae naye huko, na kila hoja itakayosomwa ndani nitamtafsiria kwa sauti kubwa.