Kaya Nayo ni Mji: Urithi wa Matuga Usipimwe kwa Mawe

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni kuelekea kusini huuacha nyuma Mji wa Kale wa Mombasa, wenye milango ya nakshi na roshani za mbao, pamoja na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Afikapo Waa na Tiwi, huangaza macho asione jumba la kale, akahitimisha kwamba Matuga haina historia ila fuo na minazi. Hitimisho hilo ni potovu.

Kwanza, mawe yenyewe yapo. Kwenye mlango wa Mto Mwachema, Tiwi inapopakana na Diani, umesimama Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa matumbawe karne nyingi zilizopita na kuzungukwa na mibuyu mikubwa. Msikiti huo si gofu. Waumini wangali wanasali humo.

Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, kipimo cha mawe hakitoshi. Katika Kiswahili cha sensa, kaya ni watu wa nyumba moja. Kwa Mdigo, kaya ni nyumbani, na vilevile ni makao ya kale ya wahenga ndani ya msitu. Nyumba zake zilikuwa za miti na nyasi, nazo zimerudi udongoni. Kilichosalia ni njia, makaburi na msitu uliokuwa ukuta wa mji.

Mwaka 2008, UNESCO iliiorodhesha misitu kadhaa ya kaya za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia, Kaya Kinondo ikiwamo. Kaya Waa na Kaya Tiwi hazimo. Kutokuwamo huko si ithibati ya udogo wa thamani, lakini ni hatari, kwani ardhi iliyo karibu na bahari ina bei kubwa. Mwenye tamaa akiuona msitu usio na jumba huuita kichaka, na kichaka hufyekwa. Jina hutangulia shoka.

Wapo wanaodai kwamba kuhifadhi kaya ni kuendeleza ushirikina. Hata hivyo, kuhifadhi si kuabudu. Hifadhi ya Milima ya Shimba, iliyotangazwa mwaka 1968, humlinda palahala, mnyama ambaye nchini Kenya hapatikani porini kwingineko. Ikiwa palahala amestahili kuachiwa msitu, je, kumbukumbu ya wahenga?

Hapana budi, basi, wanafunzi wa Kiswahili wauone wajibu wao. Majina ya malango, ya miti na ya koo zilizoishi humo yangali vinywani mwa wazee. Yakusanywe kwa Kidigo na kufasiriwa kwa Kiswahili, kwa idhini ya wazee hao, na yale ambayo ni siri yao yaachwe yalivyo. Ukuta ukibomoka, fundi huweza kuujenga upya. Mzee akifariki na majina yake, hakuna fundi. Mwacha mila ni mtumwa.