Kiharusi Hakina Sura Moja

Katika Kiswahili tunachosomeshwa kuna neno moja la kiharusi, na akilini mwetu kuna mgonjwa mmoja tu wa kiharusi. Ni mzee mwanamume, mnene, mwenye pesa kidogo, mpenda nyama choma na bia, aliyeanguka ghafla bafuni. Tunamtaja hivyo matangani, tunamtaja hivyo katika mahubiri, na hata tunapoandika insha za afya tunamchora yeye. Nadai kwamba picha hiyo ni ya uongo, na uongo wake una gharama. Unawachelewesha wanawake kufika hospitalini. Unawapa wanaume kisingizio cha kungoja wazeeke ndipo wapime presha. Na ugonjwa ukishapita, unawatwisha wanawake mzigo wote wa uuguzi bila mtu kuuliza nani atawauguza wao.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika katika sehemu fulani ya ubongo. Ama mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama mshipa umepasuka na damu inavuja ndani ya kichwa. Seli za ubongo zikikosa damu hufa kwa dakika. Si pepo, wala si jirani mwenye kijicho. Wataalamu wanakadiria kwamba mtu 1 kati ya 4 waliozidi umri wa miaka 25 atapata kiharusi katika maisha yake. Na wala si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanywa Tanzania kuanzia 2003 hadi 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika wilaya ya Hai, na karibu 316 katika Dar es Salaam. Uganda yetu nayo ilikuwa miongoni mwa nchi 22 za utafiti wa INTERSTROKE uliochapishwa mwaka 2010. Huo ulionyesha kwamba mambo kumi tu yanaeleza karibu asilimia 90 ya hatari ya kiharusi, na la kwanza kati ya hayo ni presha. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, una mlango unaoweza kufungwa.

Sikatai kwamba wanaume wako hatarini. Katika umri wa kati wanaume hupata kiharusi zaidi ya wanawake wa rika lao. Lakini hatari hupanda kadiri miaka inavyopanda, na wanawake huishi miaka mingi zaidi. Ndiyo maana kule Marekani, ambako vifo huhesabiwa vizuri, wanawake wanaokufa kwa kiharusi kila mwaka ni wengi kuliko wanaume. Anayesema "huo ni ugonjwa wa wanaume" amewatazama watu wa miaka hamsini na kuwasahau wa miaka themanini. Babu akianguka barazani tunasema amepata kiharusi. Bibi akianguka jikoni tunasema amezeeka.

Zaidi ya hapo, zipo hatari ambazo ni za mwanamke peke yake. Ya kwanza ni ujauzito. Presha inayopanda wakati wa mimba inaweza kuleta kifafa cha mimba, na inaweza kupasua mshipa wa ubongo wa msichana wa miaka ishirini na miwili. Hatari hiyo haiishi mtoto anapolia. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ni za kuogopwa sana, nazo ndizo wiki ambazo wageni wanamiminika kumwona mtoto na hakuna anayempima mama. Ya pili ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Kwa mwanamke kijana mwenye afya hatari yake ni ndogo, nami simwambii mtu aviache, kwa sababu mimba yenyewe ina hatari kubwa kuliko vidonge. Lakini kwa mwenye presha, anayevuta sigara, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, hatari inaongezeka. Mwanamke huyo ana haki ya kuulizwa kabla ya kupewa.

Hapa ndipo ninapogombana na lugha yetu. Jina "kifafa cha mimba" linasema mambo mawili, na yote mawili yanapotosha. Neno "kifafa" linamkumbusha msikilizaji ugonjwa wa kuanguka, ambao katika vijiji vingi hufichwa kwa aibu. Maneno "cha mimba" nayo yanaahidi kwamba mimba ikiisha, ugonjwa umekwisha. Ahadi hiyo si ya kweli. Mwanamke aliyewahi kupata presha ya hatari ya ujauzito, ile inayotangulia kifafa hicho, ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata kiharusi baadaye maishani akilinganishwa na ambaye hakuipata. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo wa kuzuia kiharusi ulioandikwa mahususi kwa ajili ya wanawake, na presha ya ujauzito ilitajwa humo kuwa jambo la kufuatiliwa hata baada ya miaka mingi. Sasa msikilize mhudumu anapomhoji mama wa miaka hamsini katika kliniki ya presha. Atamuuliza chumvi, atamuuliza uzito, atamuuliza kisukari. Ni nadra umsikie akiuliza, "Mama, ulipobeba mimba zako, presha iliwahi kukusumbua?" Jibu limebaki katika kitabu cha kliniki cha miaka ishirini na mitano iliyopita, nacho kimeshaliwa na panya.

Tuje kwenye matibabu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ikitolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kwa hiyo kila dakika ina bei. Nani anazipoteza? Utafiti ulioongozwa na David Newman-Toker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliochapishwa 2014, ulikuta kwamba katika idara za dharura za Marekani uwezekano wa kiharusi kupita bila kutambuliwa ulikuwa mkubwa kwa asilimia 33 kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Mathew Reeves na wenzake walikusanya tafiti nyingi na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kupewa dawa ile ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30. Hesabu iliporudiwa mwaka 2020 kwa tafiti mpya, pengo lilikuwa karibu asilimia 13. Pengo linaloweza kupungua kiasi hicho kwa miaka michache si majaaliwa. Ni mazoea, na mazoea hubadilishwa.

Mazoea yenyewe tunayajua. Mwanamke hupata dalili kuu zile zile: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, usemi kuvurugika. Lakini mara nyingi zaidi kuliko mwanamume huwa na dalili nyingine zisizotambulika upesi, kama kuchanganyikiwa, uchovu wa ghafla na udhaifu wa mwili mzima. Mwanamume akichanganyikiwa ghafla, nyumba nzima inashtuka. Mwanamke akichanganyikiwa, anaambiwa ana mawazo mengi, au amegombana na mumewe, au umri wa kukoma hedhi umemfikia. Anapewa panadoli na kuambiwa akalale. Analala na saa zake nne na nusu.

Atatokea mtu aseme: hizo ni hesabu za Marekani, sisi dawa hiyo hata hatuna. Kweli, ni adimu katika hospitali zetu nyingi. Lakini ikiwa katika nchi yenye ambulansi na mashine za CT mwanamke bado anapitwa, itakuwaje huku ambako kwanza itafutwe pesa ya boda boda, na pesa yenyewe iko mfukoni mwa mume aliyekwenda safari? Tena hospitali isiyo na dawa hiyo bado ina kazi kubwa: kudhibiti presha kwa uangalifu, kupima sukari, kuchunguza kama mgonjwa anaweza kumeza ili chakula kisimwingie mapafuni, kumgeuza asipate vidonda, kumwanzishia mazoezi mapema. Hayo hayahitaji mashine ya mabilioni. Yanahitaji mgonjwa afike.

Mwingine atasema kwamba tofauti zote hizi ni za umri tu, wanawake wanaugua wakiwa wazee zaidi. Umri unaeleza sehemu ya jambo, hauelezi lote. Mzazi wa wiki tatu aliyepasukwa na mshipa wa ubongo hakuzeeka. Na hata kama ingekuwa ni umri tu, tangu lini uzee umekuwa sababu ya kutotibiwa?

Wanaume wasidhani nawatetea wanawake dhidi yao. Picha ile ya uongo inawaua na wao pia. Mwanamke, kwa sababu ya kliniki ya wajawazito, angalau amewahi kufungwa mkanda wa presha mkononi mara kadhaa. Mwanamume anaweza kufika miaka arobaini na mitano hajawahi kuufungwa hata siku moja. Presha haiumi. Anabeba magunia sokoni Owino, anaendesha boda boda usiku kucha, anajiona chuma. Akipewa dawa anameza wiki mbili, anajisikia mzima, anaacha. Akiulizwa anajibu kwamba dawa zinamaliza nguvu za kiume. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha mwanamume huyu hufika mapema, akiwa na watoto ambao bado wako shule ya msingi. Kliniki zetu za presha zinafunguliwa asubuhi za siku za kazi, saa ambazo yeye yuko barabarani. Kama mashine ya presha inaweza kwenda kanisani, msikitini na kwenye stendi za boda boda, kwa nini imefungiwa chumbani?

Sasa tutazame baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, maana hapo ndipo udhalimu unapokuwa mtulivu na wa kila siku. Mume akipooza, mke anafunga kibanda chake cha biashara. Anamwogesha, anamlisha, anamnyoosha viungo, na jamii inasema, "Huyo ndiye mke." Mke akipooza, mara nyingi anarudishwa kwa wazazi wake, au binti mkubwa anatolewa shuleni ili amwangalie mama. Mume akikaa naye na kumwogesha mwenyewe, watu wanashangaa kama kwamba wameona mwujiza. Tafiti katika nchi nyingi zinaonyesha kwamba wanawake wanaopona kiharusi hubaki na ulemavu zaidi na hupata sonona zaidi kuliko wanaume. Je, tunashangaa? Mwanamke anayerudi nyumbani haambiwi apumzike. Anaulizwa lini atapika. Mazoezi ya viungo yanataka nauli mara mbili kwa wiki kwa miezi mingi, na nauli ya mama ndiyo ya kwanza kukatwa ada za shule zinapofika. Mwanamume naye ana kilema chake cha kupona: anaona haya kulishwa, anakataa mkongojo, anajifungia ndani ili rafiki zake wasimwone akidondokwa na mate.

Mtauliza haya yanatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili. Yanatuhusu sana. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali kuna maelfu ya akina mama kutoka Kongo ambao Kiswahili ndicho wanachoweza kumwelezea mhudumu maumivu yao. Baadhi yetu tutakuwa wakalimani na watafsiri huko. Tukitafsiri kiharusi kwa "kupooza", tumetaja matokeo na kuficha dharura, kwa maana aliyepooza amekwisha pooza, hana haraka tena. Tukitafsiri presha ya ujauzito kwa jina linalokoma na mimba, tumemdanganya mama kwa sarufi safi kabisa.

Basi naomba mambo manne, na yote yanawezekana muhula huu. Kila tangazo la kiharusi tutakaloliandika liwe na mgonjwa mwanamke na mgonjwa mwanamume, kijana na mzee. Kila mwongozo wa mahojiano ya kliniki tutakaoutafsiri uwe na swali la presha ya ujauzito, hata kwa bibi wa miaka sabini. Tuwafundishe watu wa nyumbani kwetu kutazama uso, mkono na usemi, kuangalia saa dalili zilipoanza, kutomtia mgonjwa chochote mdomoni, wala maji wala asali, na kumpeleka hospitalini bila kungoja mwenye nyumba arudi. Na wavulana wa darasa letu waende kupima presha wiki hii, na wajifunze kumwogesha na kumlisha mgonjwa, kazi ambayo dada zao hawakuzaliwa wakiijua.

Walimu wetu wanatuhimiza tutumie maneno kwa usahihi. Nakubaliana nao, nami naongeza kwamba katika jambo hili neno lisilo sahihi halipunguzi alama za mtihani tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tunauona: uko katika swali ambalo mama hakuulizwa, na katika mkanda wa presha ambao baba hajawahi kufungwa.