Ndege Walivyozua Kasheshe Malta

Wiki hii tuwaache kwanza wapenzi na visa vyao, twende Malta. Ni nchi ya visiwa vidogo kusini mwa Italia, jumla kilomita za mraba 316 tu. Basi nchi hiyo ilipiga kura ya nchi nzima kwa ajili ya ndege. Si ndege za abiria, bwana wee, ndege wa manyoya!

Ndege wa Ulaya wakikimbia baridi kuja Afrika, na wakirudi kwao, wengi hupita Malta. Utakuta mbayuwayu, kware, tetere, vipanga wa kila namna. Wanatua hapo hoi, bahari imewatoa jasho, na kule chini kuna jamaa wamejibanza na bunduki. Wawindaji wanasema ni mila waliyoachiwa na baba zao, na mimi simcheki mtu kwa mila yake. Ila Umoja wa Ulaya, ambao Malta iliingia mwaka 2004, haupendi ndege wapigwe wakati wanarudi kuzaa. Malta ikawa inapenya kwa ruhusa maalum, hadi Mahakama ya Ulaya ikaikuta na hatia mwaka 2009. Uwindaji ukaendelea kwa masharti.

Ndipo Aprili 11, 2015 wananchi wakaulizwa: uwindaji wa miezi hiyo uendelee au basi? Wawindaji wakashinda kwa asilimia 50.4. Tofauti ilikuwa kura 2,220, jamani! Hata timu ya mpira haigawi watu hivyo.

Wiki tatu hazijaisha, kipanga mdogo, ambaye sheria inamlinda, akapigwa risasi na kudondoka kwenye uwanja wa shule, watoto wanaona. Waziri Mkuu wa wakati huo, Joseph Muscat, ambaye mwenyewe alikuwa upande wa wawindaji, akafunga msimu kabla ya siku zake.

Mwenye bahati kidogo ni Merill, ndege wa taifa. Dume lake ni la buluu, anaishi kwenye majabali mwaka mzima, na kabla Malta haijaanza kutumia euro mwaka 2008 alikuwa kwenye sarafu yao ya lira moja. Mwenyeji akapewa sarafu, mgeni akapewa risasi!

Wa kuhurumiwa ni tetere. Mwaka huo huo wa 2015 aliingizwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini. Malta ikasimamisha kumpiga miezi ya kurudi mwaka 2017, halafu 2022 ikafungua tena. Hapo ndipo roho inaponiuma. Tetere wa mwezi wa nne si ndege hivi hivi tu. Huyo ameshapona kiangazi cha Afrika, amevuka Sahara, amevuka na maji, na safari yake ni ya kwenda kutaga mayai. Ukimwangusha huyo, umeangusha na vifaranga vyake ambavyo hata havijatotolewa.

Haya, tukijaliwa wiki ijayo.