ALIYEZOEA SUMU HAKUPONA

Kila linaponenwa neno juu ya zebaki itumiwayo na wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Ziwa Viktoria, hakosi mtu wa kujibu: "Mbona samaki wangalipo? Maji yamekwisha kuzoea." Twataka kumjibu ndugu huyo, na shahidi wetu ni nyungunyungu.

Huko Marekani, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, lipo hori dogo liitwalo Foundry Cove. Tangu 1953 hata 1979 kiwanda cha betri, kilichojengwa kwa mahitaji ya jeshi, kilimwaga humo tani kama 50 za taka za kadimiamu na nikeli. Tope likawa sumu. Hata hivyo wataalamu walikuta nyungunyungu wamejaa tele topeni humo. Wenzao wa mahali safi walipotiwa katika tope lile walikufa, lakini wenyeji waliishi. Wadhaifu walikuwa wamekwisha kufa zamani, wakabaki wazao wa wale wachache waliostahimili.

Je, huo ni ushindi? La! Nyungunyungu yule hakuishinda sumu, aliificha mwilini mwake. Uduvi waliolishwa nyungunyungu wenye kadimiamu walilegea, wakashindwa kuwinda vyema. Zebaki nayo, ikigeuzwa na vijidudu vya topeni, hupanda njia hiyo hiyo kwa nguvu zaidi: toka kwa mdudu hata kwa samaki, toka kwa samaki hata kwa mama mwenye mimba na mtoto aliye tumboni.

Lakini lipo la kututia moyo. Mwaka 1994 na 1995 tope la Foundry Cove lilizolewa. Uchunguzi uliotangazwa 2003 ulionyesha kwamba nyungunyungu wa pale wamekwisha kuupoteza ugumu ule kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hawauhitaji tena. Basi palipochafuliwa paweza kusafishwa.

Sisi hatuwalaumu wachimbaji. Wanatafuta riziki, na wengi wao hawajapata chombo bora. Twataka matawi yetu yasimamie mambo mawili: dhahabu isioshwe kwa zebaki kando ya mito, na Serikali iwafikishie wachimbaji vyombo vya kunasia zebaki, pamoja na mafunzo ya kuchenjua dhahabu bila sumu hiyo.

Ndugu, tusingoje kuzoea. Wanaozoea ni wale waliobaki, waliokufa hawahesabiwi.