Kitabu kilekile, au kitabu kingine?

  

Hivi karibuni, baada ya darsa ya baina ya Magharibi na Isha katika msikiti wetu hapa Igawa, kijana mmoja alinifuata na shauri lililokuwa limeleta ubishi nyumbani kwake. Alikuwa ameuza sehemu ya mpunga wake, na katika fedha hizo alitenga kiasi cha kununulia kitabu ambacho kingetumwa kwa basi kutoka Kariakoo. Mkewe alikataa. Alisema nyumbani mna vitabu saba, kila kimoja kimesomwa mara moja kisha kikawekwa juu ya kabati, na mtoto hana sare ya shule. Basi avishushe alivyonavyo, avirudie. Mume akajibu kuwa kilichosomwa kimesomwa, na kwamba elimu haina mwisho, hivyo hana sababu ya kuzunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Walitaka mimi niamue. Nikawaomba wanipe muda wa wiki moja, kwa sababu suala hilo linanihusu mimi kuliko walivyodhani.

Barabara kuu iendayo Tunduma inapita hapa kwetu. Ukishatoka Makambako ukielekea Mbeya, unateremka kuingia katika bonde la Usangu, na malori ya Zambia na Kongo unayasikia usiku kucha. Bidhaa za kila namna zinapita mlangoni mwetu. Lakini vitabu vya dini nilivyonavyo, takriban vyote vimenifikia kimoja kimoja, vimefungwa katika mfuko wa plastiki, mikononi mwa kondakta. Msomaji wa mjini anaweza kuliona suala hili kuwa la anasa. Kwa familia inayoishi kwa mpunga, bei ya kitabu kimoja kikubwa cha fiqhi ni debe kadhaa za chakula.

Nianze na upande wa mke. Katika Qur'ani Tukufu hakuna anayebishana nasi juu ya kurudia. Aliyehifadhi asipofanya muraajaa hupoteza, na hakuna mzee aliyekwisha kuihitimu mara nyingi akasema sasa yatosha. Lakini huo ni ufunuo. Suala letu ni vitabu vya wanadamu. Je, navyo vinastahili kurudiwa? Imepokewa kwa Imamu Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi aliyefariki mwaka 264 Hijria, kwamba alikitazama kitabu cha mwalimu wake kiitwacho Risala kwa muda wa miaka 50, na hakumbuki kukitazama hata mara moja pasipo kupata faida ambayo hakuwa ameijua. Na huyu hakuwa mtu wa kukisikia kitabu kwa mbali. Alikaa na mwandishi mwenyewe huko Misri.

Kitabu hakibadiliki, anayebadilika ni msomaji. Nilipokuwa shuleni tulisoma Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Tulifurahishwa na habari ya nchi iliyo angani, na tukakariri majina ya wajumbe kwa ajili ya mtihani. Nilikirudia nikiwa na zaidi ya miaka 40, baada ya kukaa katika mabaraza mengi ya usuluhishi, na nikamwona mtuhumiwa Karama akijitetea mbele ya watu waliokwisha kuamua kabla hajafungua kinywa. Nilifunga kitabu nikakumbuka baraza moja nililoliendesha mimi mwenyewe. Sitalieleza hapa.

Sasa niseme lile lililonifanya niombe wiki moja.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga, aliniuliza kuhusu zaka. Alikuwa amevuna magunia 9, kila gunia takriban kilo 100, na shamba lake linanyweshwa kwa mfereji utokao mtoni. Nilimjibu papo hapo, bila kufungua kitabu. Kiwango cha zaka ya nafaka ni wasaki 5, ambazo wengi wa zama zetu wanazikadiria kuwa kilo 653. Wewe umepita. Na kwa kuwa maji ya mfereji hayana gharama ya kuyateka, unatoa sehemu moja ya kumi. Mama yule alitoa kilo 90 siku ileile, akawapelekea masikini.

Mwaka uliofuata nilikuwa nikimsomesha mwanafunzi mmoja Minhaju Talibin, kitabu cha Imamu Nawawi, ambacho mimi nilikisoma nikiwa kijana na nikakirudia chuo kikuu. Watu huniita mjuzi wa kitabu hicho. Tulipofika mlango wa zaka ya mimea, mwanafunzi akasoma maneno machache ambayo macho yangu yalikuwa yameyapita mara nyingi. Humo mna hukumu kwamba nafaka inayohifadhiwa pamoja na ganda lake, na mpunga umetajwa waziwazi, kiwango chake ni wasaki 10, kwa sababu ganda huongeza ujazo wa kipimo. Wasaki 10 kwa hesabu ileile ni kilo 1,306. Mama yule alikuwa na 900. Kwa mujibu wa madhehebu yetu hakuwa amewajibika kutoa hata punje moja.

Nilikuwa nimeishi katika bonde la mpunga, nikifundisha kitabu kinachoutaja mpunga, na nikasahau kuwa kinautaja. Nilipokisoma mara ya kwanza mawazo yangu yalikuwa kwenye mtihani, wala sikuwa na shamba. Mstari ule haukuwa na mahali pa kushika ndani yangu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshakisoma, nilidhani nakijua, na dhana hiyo ndiyo iliyonizuia kukifungua siku mama alipouliza.

Nilikwenda kwake nikamweleza, na nikamwambia nitamlipa mpunga huo kutoka katika mavuno yangu. Akakataa, akasema kilichokwisha kutoka kwa ajili ya Allah ni sadaka yake. Kisha akanitazama akasema, "Kumbe shehe, na wewe kitabu chako hujakimaliza?" Sikuwa na jibu. Mwaka ule alichelewa kulipa ada ya mwanawe, nami nilikuja kulijua hilo baadaye kwa watu wengine.

Kwa kisa hicho mtu angesema mke ameshinda na mume arudi kwenye kabati lake. Lakini haikuishia hapo. Kurudia kule kulinizindua masuala mengine. Mkulima wa leo ananunua mbolea, anakodi pawatila, anachukua mkopo kabla ya kupanda. Je, deni hilo linatolewa kwanza, ndipo zaka ihesabiwe? Imamu Nawawi alifariki mwaka 1277, na hakumwona mkulima wa namna hii. Nililazimika kutafuta kitabu nisichokuwa nacho, yaani Fiqhuz Zaka cha Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022. Yeye amelijadili suala la madeni na gharama za mkulima kwa urefu, akaelekea kwenye rai ya kuziondoa kwanza. Wapo wanazuoni wasiokubaliana naye, nami mwenyewe bado nina kusita katika baadhi ya sehemu. Lakini laiti ningekinunua kitabu hicho miaka 20 iliyopita, kwa kuwa tu kinasifiwa, ningekisoma kama nilivyosoma Minhaj ujanani.

Hapa ndipo kisa cha Ibn Sina kinapofaa. Tabibu huyu mkubwa ameandika katika habari za maisha yake kwamba alikisoma kitabu cha Aristotle cha elimu ya yaliyo nyuma ya maumbile mara 40, hata akakihifadhi, na bado hakukielewa. Akakata tamaa. Siku moja sokoni dalali akamnadia kitabu cha fani hiyohiyo. Akakirudisha kwa hasira. Dalali akamwambia mwenyewe ana dhiki ya fedha, anakiuza kwa dirhamu 3 tu. Akakinunua, na kumbe ni kitabu cha al-Farabi kinachoeleza makusudio ya kile alichoshindwa nacho. Alikisoma mara moja, mafundo yakafunguka, na kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa masikini kwa shukrani.

Watu hukisimulia kisa hiki ili kusifu kitabu kipya. Mimi naona mara 40 zile hazikupotea. Mtu mwingine yeyote angeweza kukinunua kitabu kile kwa dirhamu 3 na asione ndani yake chochote cha kushangaza. Ibn Sina alikuja nacho kiu iliyokwisha kukomaa.

Ndiyo maana sifurahishwi sana na vijana wetu wanaonionyesha simu zenye vitabu mia tano walivyovipakua. Namuuliza mmoja, katika hivi umerudia kipi? Anacheka. Wala simsifu mzee mwenye kitabu kimoja anayejibu kwacho kila swali la dunia, hata lile ambalo mwandishi wake hakulisikia. Nimewaona wa aina zote mbili, na wote wawili hupenda sana kutoa fatwa.

Wiki ilipotimia yule kijana alikuja. Sikumpa hukumu, nilimuuliza: Katika vitabu vyako saba, ni swali gani limekukwama hata ukahitaji cha nane? Akanyamaza. Akasema kile alichotaka kununua alikisikia kikisifiwa katika mawaidha. Nikamwambia ashushe vilivyo kabatini, kisha arudi.

Alirudi baada ya siku kumi na moja. Alikuwa na swali kuhusu shamba lake mwenyewe: mwanzo wa msimu hulinywesha kwa mfereji, na maji yakipungua hukodi pampu ya dizeli. Anatoa sehemu ya kumi, au nusu yake kwa ajili ya gharama? Vitabu vyake saba vimetaja hali hizo mbili tu, kila moja peke yake. Zinapochanganyika, jibu limo katika Minhaj, ukurasa uleule ulionifedhehesha mimi, kwamba zaka hugawanywa kwa kadiri mimea ilivyoishi na kukua kwa kila maji.

Sasa huja kwangu baada ya Alfajiri, mara tatu kwa wiki, tunausoma mlango huo pamoja katika nakala yangu. Sare ya mtoto imeshanunuliwa, na fedha zilizobaki zimo mkononi mwa mkewe.