Mtoto Ajieleze kwa Nani? Maoni juu ya Insha ya "Mimi Mwenyewe"

Kila wanachuo wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Korogwe na Handeni, sisi wakufunzi tunaowafuata na kuketi nyuma ya darasa hukutana na andalio moja la somo la insha ambalo halikomi kurudi. Kichwa chake ni "Mimi Mwenyewe". Mwalimu huandika ubaoni sentensi sita au saba zenye mapengo, na watoto huzinakili na kuyajaza. Jina langu ni fulani. Nina umri wa miaka kumi. Ninaishi na baba na mama. Chakula nikipendacho ni wali kwa nyama. Nikiwa mkubwa nitakuwa daktari. Madaftari 80 hukusanywa, na mwalimu akiyasoma yote hatakuwa amemfahamu mtoto hata mmoja. Huo wali kwa nyama wenyewe mara nyingi si wa kweli. Watoto wengi wa upande huu hula ugali kwa mlenda, au bada, na wapo waupendao mlenda kuliko kitu kingine chochote. Lakini wamekwisha kujifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba mlenda si chakula cha kuandikwa katika insha.

Wako wasemao kwamba dawa ni kukiondoa kichwa hicho na kutafuta kingine. Sisi hatuoni hivyo. Habari za nafsi ndizo habari pekee ambazo mtoto wa darasa la nne anazijua kuliko mwalimu wake, na mwalimu aziachaye ameitupa hazina. Kosa liko mahali pengine: mtoto haambiwi anamweleza nani. Mwalimu analijua jina lake, darasa lake na kijiji chake. Kumweleza mtu jambo alijualo si kueleza, ni kuitikia mahudhurio.

Watu wanaoulizwa habari zao kwa haki, tena kila siku, ni wanafunzi walio ugenini. Huko hakuna ajuaye mama yao ni nani, wanakula nini, wala kwa nini wanaitwa hivyo waitwavyo. Kwa sababu hiyo tunawaomba wanachuo wawatazame pamoja nasi Waghana wawili waliokwenda kusoma Marekani, si kwa ajili ya vyeo walivyopata baadaye, bali kwa namna walivyosimulia mambo madogo ya maisha yao.

Wa kwanza ni Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1997 hadi 2006, na ambaye watu wa Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa usuluhishi wake nchini Kenya mwaka 2008. Mwaka 1959 alifika katika Chuo cha Macalester, jimbo la Minnesota, mahali penye baridi asiyoidhania mtu aliyezaliwa Kumasi. Alikubali kuvaa makoti mazito, suala la masikio likamshinda. Wenyeji walivaa vifuniko vya masikio, naye akaviona vibaya mno, akaapa kwamba hatavivaa. Siku moja akatoka kwenda kutafuta chakula, na masikio yakakaribia kuganda. Akaenda kununua vifuniko, tena vikubwa kuliko vyote alivyovipata. Kisa hiki alikisimulia mara nyingi mbele ya watu wazito, akiongeza kwamba tangu siku ile alijifunza asijidhanie kuwa anajua kuliko wenyeji.

Tazameni kisa hiki kilivyojengwa. Hakina umri, hakina darasa, hakina chakula nikipendacho. Kina kitu kimoja kinachoshikika kwa mkono, kina siku moja, na kina mtu aliyekuwa na maoni yake kisha akayabadili. Msikilizaji aliyekuwa hamjui sasa anamjua kidogo. Hicho kinatosha kuwa insha nzima ya darasa la nne.

Hata jina la mtu huyu ni somo. Kwa Waakan wa Ghana, mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa huitwa Kofi, na aliyezaliwa Jumamosi huitwa Kwame. Annan alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Jina lake la pili, Atta, maana yake ni pacha, kwa kuwa alizaliwa pamoja na dada yake. Sasa mwalimu na atazame rejista ya darasa lake la Korogwe au Handeni. Humo atawakuta akina Juma, Hamisi, Jumanne na Mwanajuma. Pengine na Kulwa na Doto, majina ya mapacha yaliyokwisha kuenea nchi nzima kutoka Usukuma na Unyamwezi. Juma wa Handeni na Kofi wa Kumasi ni somo wawili ambao hawajakutana. Tunaweza kumhakikishia mwanachuo kwamba mtoto aliyeambiwa jambo hili hataandika tena "Jina langu ni Juma" akaishia hapo. Atakwenda nyumbani kuuliza, na akirudi atakuwa na la kusema: nani alimpa jina hilo, nani alilikataa, na la babu lilikwendaje.

Wa pili ni Kwame Nkrumah, na huyu alikuwa mwenzenu hasa. Kabla ya kwenda ng'ambo alisomea ualimu Accra, akamaliza Achimota mwaka 1930, akafundisha watoto wadogo katika shule ya misheni mjini Elmina. Mwaka 1935 alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Lincoln, jimbo la Pennsylvania. Maisha yake ya huko aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1957, mwaka ambao Ghana ilipata uhuru. Anaanza na pengo ambalo insha zetu hudai lijazwe kabla ya yote: umri. Anasema kweli kwamba hana hakika nao. Padri aliyembatiza aliandika mwaka 1909. Mama yake kwa hesabu yake alipata 1912. Na yeye mwenyewe anajaribu kupima kwa meli iitwayo Bakana iliyovunjika pwani ya kwao mwaka 1913. Jambo aliloliamini ni kwamba alizaliwa Nkroful, siku ya Jumamosi. Mbona maelezo hayo ya mtu asiyeujua umri wake yanatupa habari nyingi kuliko tarehe iliyo sahihi! Tunamwona mama, tunaiona pwani, tunajua watu wa kule walihesabuje miaka. Watoto wenye mabibi waliohesabu miaka kwa njaa na kwa mafuriko tunao hapa hapa, lakini pengo la ubaoni halina nafasi ya bibi.

Kisha anasimulia kazi alizofanya ili aishi. Aliuza samaki mitaani Harlem, akawanunua alfajiri na mwenzake, mpaka ngozi yake ikamkataa kwa kuwashika. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, akabeba matumbo na mafuta ya wanyama yaliyooza, akashindwa kwa harufu. Usiku mwingine, kwa kukosa mahali pa kulala, alilipa nauli ndogo ya treni ya chini ya ardhi akalala humo, akienda na kurudi kati ya Harlem na Brooklyn hadi asubuhi.

Pengine mwanachuo atasema kwamba mifano hii ni ya mbali. Tunayo ya karibu. Martin Kayamba, Mbondei wa hapa Tanga, mtoto wa mtu ambaye mwenyewe alipata kusoma Uingereza, alikwenda London mwaka 1931, akiwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika walioitwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza suala la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Aliporudi alitoa kitabu cha Kiswahili mwaka 1932, na jina lake ni Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mwenye kufundisha insha hahitaji zaidi ya vitenzi viwili hivyo, kuona na kutenda. Kayamba alijua pia wasomaji wake ni nani: ni watu wa kwao ambao hawajafika huko. Safari hiyo ilikuwa ya mambo makubwa ya utawala, lakini jalada linamwahidi msomaji macho na mikono ya msafiri.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua zaidi, ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Nkrumah alisimulia habari ya kulala ndani ya treni alipokuwa Waziri Mkuu. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna ambaye angempunguzia au kumwongezea chakula kwa sababu ya maneno yale. Annan alicheka masikio yake mwenyewe kwa saa aliyoichagua. Watoto wetu hawana uhuru huo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu kuna watoto wanaosaidiwa na wafadhili wa ng'ambo, na huketishwa kuwaandikia barua za habari zao. Msaada ni jambo jema, wala hatuukatai. Lakini mtoto hutambua upesi ni habari zipi zinazopokelewa vizuri. Hujifunza kuipamba njaa kwa msomaji mmoja kama vile alivyojifunza kuupamba wali kwa mwalimu. Katika hali zote mbili amefundishwa kwamba maisha yake kama yalivyo hayafai kuandikwa.

Na hata darasani, pasipo mfadhili, hatari ipo. Pengo lisemalo "Ninaishi na baba na mama" humtaka mtoto ambaye baba yake alikwenda zake aamue, mbele ya daftari la shule, ama kudanganya ama kuianika nyumba yao. Watu wazima tungegoma. Kwa hiyo tunasema bila ya kuficha: mwalimu hana haki ya kumdai mtoto siri za kwao kwa jina la insha. Mtoto achague mwenyewe jambo la kueleza. Insha isisomwe mbele ya wenzake ila kwa idhini yake. Na mtoto aliyeandika juu ya jogoo wao badala ya kuandika juu ya mama yake, asiulizwe kwa nini.

Huyo msomaji asiyemfahamu mtoto apatikane wapi? Si lazima awe Ghana wala Uingereza. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita zipatazo 65, na hizo zinatosha kabisa. Mtoto wa Korogwe amekua kando ya Mto Pangani, anaijua reli na mashamba ya mkonge, na maji kwake ni kitu cha kuogopwa kinapofurika. Mtoto wa Handeni anajua foleni ya madumu, anajua lambo linavyonuka linapokaribia kukauka, anajua ni nyumba gani huamka kwanza kwenda kutafuta maji. Mradi wa maji wa HTM huyavuta maji ya mto ule ule kutoka upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni. Mtoto mmoja huogelea katika maji ambayo mwenzake huyangojea bombani, na hawajapata kuambizana. Mwambie mtoto wa Handeni aandike "Umuhimu wa Maji" atakupa sentensi za kitabuni. Mwambie amweleze mwenzake wa Korogwe, ambaye hajapata kupanga foleni ya maji, jinsi siku ya kukatika kwa maji inavyokwenda, utaona kalamu ikikimbia.

Tunajua yatakayosemwa juu ya wingi wa watoto. Madarasa yalijaa tangu mpango wa elimu kwa wote wa mwaka 1977, yakajaa tena ada ilipofutwa mwaka 2002. Mwalimu wa watoto 80 hawezi kusahihisha barua 80 kila juma, wala hatumwambii afanye hivyo. Somo lianze kwa mdomo, wawili wawili, mmoja akijifanya mgeni aulizaye. Safu moja iandike juma hili na nyingine juma lijalo. Juu ya mtihani hatuna la kusema kirefu: mtoto awezaye kueleza siku moja kwa mfuatano atajibu swali la insha la namna yoyote, na yule aliyezoea mapengo hukwama yasipokuwapo.

Kuhusu kalamu nyekundu, tungependa wanachuo watofautishe vitu viwili. Tahajia na nukta zisahihishwe katika rasimu, pamoja na mtoto, kabla barua haijanakiliwa. Barua yenyewe isiguswe. Mwalimu akishafuta "mlenda" akaandika "mboga za majani" kwa kudhani ni Kiswahili bora zaidi, ameifanya barua kuwa yake.

Njia ya kuzipeleka ipo. Wakati wa mazoezi ya kufundisha wanachuo hugawanywa katika wilaya zote mbili, na wakufunzi hupita huku na huku kuwakagua. Kila mwanachuo wa darasa la nne akabidhi bahasha moja kwa mkufunzi katika juma la pili, ili majibu yarudi kabla ya juma la tano. Barua ya kwanza iwe na jambo moja tu la kueleza na swali moja la kuuliza. Hilo swali tunalikazania, kwa sababu mtoto wa Korogwe atakapoulizwa na mwenzake kama kweli treni hulia usiku, na kama watu hupata usingizi, itambidi aisikilize treni hiyo usiku ule ule.